Sista Njeri Afutwa

Jumanne

Na mimi nilicheka, kidogo. Mkurugenzi wa shirika letu la kutuma wauguzi majumbani alimkalisha Sista Njeri mbele ya kompyuta, wauguzi wenzake wakitazama, aandike ripoti ya mgonjwa wake wa Lavington. Akawa anatafuta herufi moja moja kwa kidole kimoja.

"Hata kuku anadonoa haraka kukushinda," mkurugenzi akamwambia. Kisha akanigeukia. "Huyu mfute kwa sistimu leo, kazi yake imeisha."

Nikamfuta. Kompyuta za hii ofisi ya Ngara ziko chini yangu, na nikikataa, mimi ndiye ninayefuata...

Jioni yule mgonjwa, mama mzee aliyepooza miguu, akapiga simu kumuulizia. Mkurugenzi akamjibu bila haya, "Njeri mwenyewe amekukataa, mama. Amesema amechoka na wewe."

Simu ilikuwa kwa spika. Mama akauliza polepole, "Kwani nilimkosea nini?"