Springi ya Kubeba Mayai

S.L.P. 1187,
Igogo, Mwanza.
13 Septemba 1998

Mpendwa kaka Oyoo,

Shikamoo. Kabla hujauliza, naomba unisamehe kwa kukaa kimya. Shokapu ya baiskeli uliyotutumia ilifika kabla ya Pasaka, na yule mama wa kanisa aliyeileta alisema amekuahidi kwamba nitaandika wiki hiyohiyo. Kila nikikaa niandike Princess anaamka, au kuku wanaharisha, au kalamu ninayo na nguvu sina. Si kwamba sikushukuru. Nilishukuru siku ileile, ila nilishukuru kwa mdomo na wewe uko Kanada.

Unaendeleaje huko? Na wifi Agutu je, kile kifua kimemwachia? Mliandika kwamba baridi imemshika vibaya. Sisi ni wazima. Princess ana mwaka na nusu sasa, anafukuza kuku, anaanguka, anainuka bila kulia. Mume wangu Maige ni kibarua kwenye kiwanda cha samaki. Tangu wapunguzwe kule kwenye kiwanda cha nguo hajapata kazi ya kudumu. Mama mkwe, mama Dorotea, yuko Kisesa na kuku wetu. Mwili mzima, na mdomo nao mzima.

Leo Jumapili tumetoka kanisani, tumekula, mtoto amelala. Nimekaa lakini sijatulia. Mguu unatikisika wenyewe chini ya meza kama vile nakanyaga pedali. Basi niseme jambo lenyewe kabla hajaamka.

Kaka, ile shokapu ilishindwa na mzigo.

Usiudhike. Ni nzuri, mpaka Odongo, fundi baiskeli wetu hapa Igogo, aliipangusa kwa shati lake kabla ya kuifunga. Lakini nilipopanda na mzigo baiskeli ililala nyuma kama kuku anayetaka kuatamia, pedali zikawa zinagonga mawe. Tukarudi kwenye barua yako tuone tumekosea wapi. Uliuliza mpandaji ana uzito gani. Tukakujibu uzito wa mpandaji, kilo zangu kama zilivyo kwenye kadi ya kliniki. Hukuuliza mtoto aliye mgongoni, hukuuliza trei za mayai, wala gunia la chakula cha kuku ninalokwenda nalo Kisesa. Na sisi hatukusema kwa sababu hukuuliza. Nadhani huko kwenu baiskeli ni ya mtu mmoja. Huku ukionekana juu ya baiskeli peke yako, bila mtu wala mzigo, watu wanakuuliza msiba uko wapi.

Najua baiskeli yenyewe ulimtumia Maige aendee kazini. Kazi ilipoisha nikaichukua mimi. Barabara ya Kisesa tangu zile mvua za El Nino ni mashimo matupu, na mayai niliyokuwa nayapandisha kwenye gari yalikuwa yakifika nusu yamepasuka. Juu ya baiskeli yako hayakupasuka. Odongo alifunga karia ya mizigo kwenye bomba la kiti, nikaweka tenga na majani makavu, na kwenye kila shimo nyuma ikawa inashuka na kupanda taratibu. Watoto wa hapa wanaiita baiskeli inayopumua.

Mayai yote anachukua mama Mehjabeen, anayeoka keki za harusi kule mjini, Nyamagana. Huyo mama hahesabu tu. Anachukua mawili mawili, anayagonganisha karibu na sikio lake, lenye ufa analijua kwa mlio. Tangu Maige apunguzwe, ndiye anayetulisha.

Sasa sikia taabu yetu tangu shokapu ya kwanza, iliyokuja na baiskeli, imwage mafuta, kabla hujatuma hii. Odongo alianza kwa kuweka kipande cha bomba la chuma mahali pake. Baiskeli ikawa ngumu kama jiwe la Bismarck pale ziwani. Nikafika kwa mama Mehjabeen majimaji yanachuruzika kwenye tenga. Akaangalia, akaniangalia, akasema, "Mama Princess, mimi niliagiza mayai. Kimanda najua kupika mwenyewe."

Odongo hakukata tamaa. Akakata shokapu ya pikipiki iliyokufa, akaichomelea. Ile haikubonyea kabisa mpaka kwenye shimo kubwa, halafu ikanirusha kama punda. Nikamwambia, fundi, hii uliitoa kwenye pikipiki au kwenye trekta? Akasema, "Shemeji, wewe ndiye mwepesi. Kula ugali."

Kisha Sahil, mwana wa mama Mehjabeen, akaleta moja nyekundu kutoka dukani kwake, mpya, inavutia macho. Ilikuwa springi tupu, ndani hamna mafuta. Inashuka vizuri lakini kurudi inarudi kwa hasira, mayai yanaruka kwenye trei kama mahindi ya bisi. Hapo ndipo nikaelewa. Yai haliponi kwa ulaini tu, linapona kwa kitu kinachoshuka polepole na kurudi polepole. Sahil aliirudisha bila maneno, nimwombee heri.

Sasa hivi napanda na hii shokapu uliyotuma. Tumesokomeza vipande vya tairi katikati ya mizunguko ya springi ili isilale, na nabeba nusu ya mzigo. Kwa hiyo njia niliyokuwa nakwenda mara moja naenda mara mbili. Nikifika nyumbani natamani hata kulala na viatu.

Na muda hautungoji. Harusi zinaanza Desemba. Kuna Chenge mmoja mwenye pikapu, analeta mayai kutoka upande wa Musoma, ameshabisha hodi kwa mama Mehjabeen. Mama mwenyewe hakunificha. Alisema, "Mimi nakupenda, mama Princess, lakini keki haijui mapenzi. Desemba nataka mzigo kamili na mzima. Ukishindwa, nachukua kwa Chenge." Sikumlaumu. Zamani ulikuwa unauza kwa anayeruhusiwa, siku hizi kila mwenye gari ni mfanyabiashara.

Maige anataka tuiuze baiskeli. Kuna kijana kiwandani anaitaka ya kutambia, na Maige anasema tutanunua baiskeli ya kawaida, Foniksi, na chenji ibaki. Nilimwambia ukitaka kuuza, anza na kitanda chako. Akacheka, lakini nimeona bado anaizungukazunguka. Wewe ukiandika barua mwandikie na yeye, mwambie baiskeli haiuzwi. Kaka mkubwa akisema anasikia.

Safari hii sikutaka kubahatisha uzito. Kisesa ni msimu wa pamba, wanunuzi binafsi wameweka mizani kila kona. Nikamwomba Ndalahwa, karani wao mmoja, anipime kama ninavyopanda. Nikasimama juu ya mizani na Princess mgongoni na gunia la chakula cha kuku mikononi, maana kwenda ndiko kuzito kuliko kurudi. Wakulima waliokuwa kwenye foleni hawakuniacha. Mzee mmoja akauliza, "Karani, hiyo ni daraja A au B?" Ndalahwa akasema, "A, ila imechanganywa na mtoto." Mama mkwe akajibu kutoka nyuma kwamba mkwe wake hauzwi kwa kilo. Ilisoma kilo mia moja na nne.

Wote walicheka, mimi nikashuka haraka. Kaka, nilijua juu ya ile mizani kuna mwingine ambaye hakuna aliyemwona. Nina mimba ya miezi mitatu. Unajua jambo hili halitangazwi mapema, na hapa anajua Maige tu. Mama mkwe akijua leo, kesho baiskeli itafungiwa ghalani. Nakuambia wewe kwa sababu mara ya kwanza ulichagua kwa uzito usiotimia, na sitaki uchague hivyo tena. Pia kwa sababu siku hizi kila shimo nalisikia tumboni kabla ya kulisikia kwenye tenga, nasimama, nashuka, nasukuma. Siogopi kazi. Naogopa kurushwa. Tumekubaliana na Maige kwamba Desemba ikiingia nashuka, anapanda yeye. Nikishajifungua nitarudi juu na watoto wangu.

Uliandika kwamba kuna shokapu za kisasa za upepo, nyepesi, ukataka kuninunulia. Asante, hapana. Ya upepo ina pampu yake yenyewe, na pampu ikipotea au upepo ukiisha njiani pale Igoma, nani atanisaidia? Tena usinunue shokapu nyingine ya aina yoyote. Nimeikagua hii uliyotuma, mafuta yake yako salama na inarudi polepole kama inavyotakiwa. Kilichozidiwa ni springi peke yake. Juu kuna pete, nikaizungusha kwa mkono, springi ikatoka. Odongo alisema usiiguse, utaiharibu. Nikairudisha, ikakaa. Kwa hiyo ninahitaji springi tu, yenye nguvu zaidi, na bushi mbili, vile vibomba vidogo vya kupitishia boliti. Springi ni ndogo kuliko chupa ya soda, yule mama wa kanisa anayekuja tena Novemba anaweza kuiviringisha kwenye kitenge. Mwambie asichelewe. Na usitume fedha badala yake, hapa Mwanza haipatikani, nimezunguka mpaka maduka yote yananijua.

Princess ameanza kujigeuza, niharakishe.

Nisalimie wifi Agutu, mwambie anywe tangawizi, asitegemee vidonge tu. Maige anakusalimu, na mama Dorotea, ambaye bado anauliza huko mnakula nini kama hakuna dagaa. Baba na mama kule Shirati ni wazima, mvua ikinyesha wanakukumbuka, jua likiwaka wanakukumbuka. Mungu aliyekuvusha salama akulinde kwenye hayo mabarafu, na akurudishe siku moja ukiwa na miguu yote.

Ni mimi dada yako nikupendaye hata ninapokaa kimya,

Akumu (mama Princess)

Hapa chini nimeandika vitu peke yake. Kata na mkasi uende na kipande hiki dukani, barua iache nyumbani.

Springi moja ya chuma, ya shokapu ileile, duka lilelile.
Uliyotuma imeandikwa 350, ndiyo nguvu yake. Hii namba yake izidi 600.
Urefu wa shokapu, tundu hadi tundu, sentimita kumi na sita na nusu. Nimepima kwa tepu ya cherehani, mara mbili.
Bushi mbili za tundu la chini, boliti ya milimita nane. Za zamani zimelika.
Uzito wa kubeba: kilo mia moja na nne, na kuanzia mwezi wa tatu, mtoto mmoja zaidi.