Wobbe Anataka Kuruka

Jumamosi, 31 Mei — Ghent

Miguu imevimba. Siku ya tatu tu na tayari natamani kumtupa ndugu yangu mtoni.

Leo: makanisa matatu, ngome moja, na makumbusho ya mashine za kusokota pamba. Ghorofa tano! Wobbe anasoma kila kibao. Kila kimoja. Akimaliza anarudi kusoma cha kwanza, eti kuna kitu hakikukaa sawa. Kule ngomeni tumesimama dakika ishirini mbele ya koleo la kutesea watu. Nikamwambia koleo nimelielewa. Akasema hapana, hujalielewa, wewe umeliona tu.

Hosteli. Kitanda cha juu na cha chini. Nikamwambia alale chini. Akasema, "Nynke, nina miaka thelathini na sita." Nikamjibu kifafa hakijui kuhesabu. Wasichana wawili wa Kihispania waliokuwa wanapanga mabegi yao wakamtazama Wobbe. Wobbe akalala chini. Akageukia ukutani.

Naandika hapa nisije nikasahau nilivyokubali upuuzi huu. Yeye alitaka kwenda peke yake. Wiki tatu, treni, begi mgongoni. Mama akasema: aende na Nynke au asiende. Nikaomba likizo kazini, pale ninapoinua daraja mashua zipite — wenye mashua watafunguliwa na mtu mwingine mwezi huu. Miaka miwili na nusu Wobbe hajaanguka. Mama amesema akirudi bila kuanguka, atamwachia ahamie ile nyumba anayotaka kupanga peke yake Harlingen, yenye ngazi zilizosimama kama ukuta. Akianguka hata mara moja, asahau.

Kwa hiyo mimi ndiye mlinzi. Nani mwingine? Nilikuwa na miaka kumi na sita alipoanguka kutoka kwenye mashua ya Baba. Niliyeruka majini ni mimi.


Jumapili, 1 Juni — Liège

Soko la kando ya mto. Jibini, kuku hai, soksi, watu wanapiga kelele. Mzee mmoja akampa Wobbe kiglasi cha ile pombe kali yao ya matunda. Wobbe akakipokea! Nikakichukua mkononi mwake nikamwaga chini.

Mzee: "Loo! Mkeo mkali, bwana."

Wobbe: "Si mke wangu. Ni gavana."

Soko zima likacheka. Sikucheka. Vidonge vya asubuhi alikunywa saa mbili, vya jioni saa mbili. Nimeona kwa macho yangu.


Jumanne, 3 Juni — Aachen

Jino limepasuka. Ile biskuti yao ya tangawizi — jiwe! Wobbe akasema huko nyuma watu walikuwa wanaichovya kwenye kahawa, kibao kimeeleza. Asingeweza kunieleza kabla?

Akatazama kiti cha enzi cha mfalme wa kale, Karoli Mkuu, saa nzima. Ni kiti. Mawe manne yaliyounganishwa. Nilikaa nje nimeshika shavu.


Alhamisi, 5 Juni — Trier

Balaa limeanza, na limeanzia kwenye karatasi iliyobandikwa ukutani pale mapokezi.

Mji wa Echternach, ng'ambo ya mpaka, Luksemburgi. Jumanne baada ya Pentekoste watu wanaandamana mpaka kwenye kaburi la Mtakatifu Willibrordi. Hawatembei. Wanaruka. Kushoto, kulia, kushoto, kulia, watano watano, wameshikana kwa vitambaa vyeupe. Wimbo mmoja, asubuhi nzima. Na tangu zamani waliokuwa wanakwenda kuruka ni wenye kifafa na ndugu zao.

Wobbe akasoma. Akarudi akasoma tena. Mezani akasukuma sahani pembeni. Halafu:

"Unajua huyu Willibrordi ni wetu? Ndiye aliyekuja Frisia, kwetu, kutuhubiria."

"Na babu zetu walimfukuza."

"Babu zetu!" Macho yakamwaka. Akaanza ile hadithi ya mfalme Radbodi: ameshatia mguu mmoja kwenye maji ya ubatizo, akauliza, na mababu zangu wako wapi? Akaambiwa wako motoni. Akautoa mguu. "Tangu siku hiyo Wafrisia tumesimama na mguu mmoja hewani," akasema. "Mimi nataka kwenda kuushusha. Nataka kuruka nao."

Mimi nikacheka. Sikukusudia. Nimetoka kanisa la Kiprotestanti ambalo hata kinanda kinapigwa kwa aibu! Baba angekuwa hai angesikia haya akafa tena.

"Miaka ishirini na mitano ya madaktari," nikasema, "halafu ukamrukie mtakatifu wa Wakatoliki juani, bila kupumzika, katikati ya umati? Akuponye?"

"Sitaki kuponywa. Nataka siku moja niwe na watu ambao hawaniulizi."

Nikamwuliza kama amekunywa vidonge.

Akainuka mezani.


Ijumaa, 6 Juni — Trier

Kalamu imetoboa ukurasa mara mbili.

Tulikuwa kwenye lile lango jeusi la Warumi. Simu yake ilikuwa imeisha chaji, akaomba yangu apige picha. Nikampa. Na Mama, kama kawaida yake, akachagua dakika hiyohiyo.

*Amelala saa ngapi? Uso wake leo ukoje?*

Wobbe akasoma. Akapandisha juu. Akaendelea kupandisha. Nikamwomba simu, akainua kidole: subiri. Anasoma kama anavyosoma vibao — vyote, mpaka mwanzo. Jana. Mwezi jana. Mwaka jana. *Amekunywa saa 2. Leo kapauka kidogo. Amecheka mara mbili chakula cha mchana. Amekaa bafuni dakika 14, nimegonga.*

Akanirudishia simu taratibu.

"Kumbe mimi ni taarifa ya hali ya hewa," akasema.

Nikamwambia Mama ana wasiwasi. Nikamwambia ni kwa ajili yake. Nikamwambia nani aliruka majini. Hilo la mwisho nililisema kwa sauti, watalii wakageuka.

"Umeniokoa mara moja, Nynke," akasema. "Tangu hapo unanizamisha."

Maneno ya kitabuni! Aliyatoa wapi? Nimekasirika mpaka kichwa kinauma. Miaka ishirini na mitano sijalala usingizi mzito, na ndiyo shukrani yake?


Jumamosi, 7 Juni

Kitanda chake kitupu. Shuka limekunjwa. Karatasi juu ya mto:

*Vidonge ninavyo. Usimpigie Mama.*

Simu imezimwa. Mtu wa mapokezi anasema alitoka kabla ya mapambazuko na begi lake, alisema asante vizuri sana. Asante vizuri sana! Sikio la kufa.

Mama ameandika mara tatu. Niliandika *ameondoka*, nikafuta. Niliandika *sijui aliko*, nikafuta. Nikaandika: *Amelala vizuri.* Nikatuma.

Sijawahi kumdanganya Mama tangu nivunje bakuli la bibi yake. Nimekaa ukingoni mwa kitanda kama mtu aliyeiba.


Jumapili, 8 Juni — Pentekoste

Najua alipo. Hata mtoto angejua. Jana sikwenda kwa sababu nilisema mwenyewe atarudi, njaa itamrudisha, ataona. Hakurudi. Leo nimekwenda — na leo sikukuu, basi linapita kwa kudra. Nimekaa kituoni saa mbili na nusu na begi langu na jino langu.

Echternach imejaa. Kila kitanda kimechukuliwa na watu waliokuja kuruka. Nimezunguka uwanjani, kanisani, kando ya mto. Nimeuliza: mwanamume mrefu, nywele za majani makavu, anasoma vibao. Wananitazama kwa huruma. Mwuza mkate mmoja akaniuliza, "Ni yule aliyeanguka jana?"

Nikamshika mkono: yuko wapi?

Akanielekeza nyumba. Mlango wa kijani, nyuma ya soko. Nimegonga mpaka ngumi inauma. Hakuna mtu. Jirani anasema mwenye nyumba na mgeni wake wako kanisani, kisha watakula kwa binti wa mwenye nyumba kijijini, watarudi wakijisikia. Mwuza mkate amenipa nafasi kwenye chumba cha unga. Ninanuka hamira.


Jumatatu, 9 Juni

Nimempata. Jikoni, amevaa aproni ya maua, anakuna viazi vya kukaanga! Shavu la kulia la zambarau, mdomo umevimba alipojiuma. Mikono imejaa maji ya viazi. Ananitazama kama mtu aliyeshikwa na asali kidevuni.

Mwenye nyumba anaitwa Bi. Thill. Miaka sabini na tisa, mfupi, sauti ya kuitia ng'ombe.

Nikaanza. Hukulala usiku! Ulitembea na njaa! Nani alikuwa na wewe? Ungeangukia mtoni je? Ungegongwa je?

"Binti, kaa kwanza," Bi. Thill akasema. Hakuniuliza jina. "Alianguka saa tisa, karibu na kisima cha uwanjani. Dakika mbili na nusu. Nilimweka sweta langu chini ya kichwa, nikamlaza ubavu, nikakaa naye barabarani mpaka akarudi. Magoti ndiyo yaligoma kuniinua. Yeye ndiye aliniinua mimi."

Kumbe marehemu mumewe naye alikuwa na kifafa. Aliruka kila mwaka, miaka arobaini na moja.

"Na kuruka kukamponya?" Nilikusudia kumchoma.

"Kumponye nini! Alianguka mpaka mwaka wa mwisho. Alikufa kwa moyo." Akaendelea kugeuza viazi. "Siku nyingine zote alikuwa anarushwa, mwanangu. Siku hiyo moja anaruka mwenyewe."

Nikavuta kiti nikakaa.

Wobbe akasema polepole, bila kuinua uso kwenye viazi: "Usiku ule sikulala, kweli. Nilikuwa nasoma meseji zako upya kichwani. Kosa ni langu, Nynke. Kosa ni langu, unasikia? Niachie angalau hilo."

Simu ikalia. Mama. Tukaitazama wote watatu ikitembea mezani kwa mtikisiko. Siku zote mimi ndiye ninayepokea, natoka nje, nanong'ona. Leo nikaisukuma kwake. Sijui kwa nini. Labda uchovu.

Akafuta mikono. "Mama, ni mimi. Hapana, Nynke mzima. Mama, nisikilize. Nilianguka juzi. Ndiyo. Nimeamka. Ndiyo, na vidonge nimekunywa." Nilisikia sauti ya Mama ikipanda kama birika. "Hapana, Mama. Nyumba nahamia. Najua ulisema. Nahamia."

Akanipa simu. Mama akasema, "Niambie ukweli, anaonekanaje?"

Nikamtazama. Aproni ya maua, mdomo kama embe bovu.

"Muulize mwenyewe, Mama. Yuko hapa."

Mama akakata simu. Mama hajawahi kunikatia simu. Ameandika tu: *Nitampigia mwenye nyumba wa Harlingen kesho asubuhi.* Wobbe akaisoma, akarudi kwenye viazi.

Halafu Bi. Thill akanigeukia na mwiko: "Magoti yangu mwaka huu yamekataa. Mstari wetu una wanne. Wewe mwenye hasira, miguu yako inafanya kazi?"


Jumanne, 10 Juni

Naandika barabarani, daftari kwenye goti. Maandamano yamekwama kwa mara ya tisa. Mkono wa kulia uko huru, wa kushoto umezungushiwa kitambaa cha Wobbe.

Tulianza saa tatu na nusu. Wimbo ni mmoja. Mmoja tu! Bendi moja ikimaliza, ya nyuma inauanza, matarumbeta na ngoma, palepale ulipoishia, hauna mwisho, utanifuata mpaka kaburini. Kushoto, kulia. Nilikosea hatua kumi za kwanza nikamkanyaga mwuza mkate, ambaye kumbe ni wa mstari wetu. Binti wa Bi. Thill na mumewe wanaruka kama hawana mifupa. Wobbe ndiye wa pembeni kabisa, upande wa jua — nilimwambia akae kivulini, akakataa. Viatu vyangu vya safari vina uzito wa mabati. Jino linaruka na mimi.

Na watu wa pembeni hawapigi makofi. Wanatazama tu. Mstari wa mbele yetu kuna mama na binti yake mkubwa mwenye kofia ngumu ya kulinda kichwa. Hakuna anayemshangaa. Mbele yao mzee anaruka kwa fimbo. Wobbe amewatazama bila kusoma kitu chochote. Sijawahi kumwona hivyo.

Simu nimemwachia Bi. Thill ndani ya mkoba wake. Atakuwa anamjibu Mama kwa Kiluksemburgi, shauri yao.

Joto. Saa nne na nusu sasa. Hajanywa maji tangu kanisani. Niliinua kidole nimwonyeshe chupa, akatikisa kichwa. Kisha nikaona jicho lake — lile tazamo, kama anasikiliza kitu kilicho mbali. Nalijua. Linaweza kuwa dalili ya kuanguka. Linaweza kuwa jua na matarumbeta tu. Miaka ishirini na mitano sijajifunza kutofautisha!

"Usinitazame hivyo," akasema.

"Sikutazami."

"Unanitazama. Tazama mbele, Nynke. Kama watu wengine."

Ngoma ya nyuma imeanza. Mstari wa mbele umeshainuka. Kitambaa kinavutwa upande wake, kwa nguvu — sijui ni mvuto wa kuanza au ni mwingine. Mguu wa kushoto ndio wa kwanza. Natazama mbele. Natazama ile kofia ngumu ya binti wa mbele, nafunga daftari, naruka.