Faida Hakukataa Jina Lake

Yaya Furaha, dada yangu mkubwa,

Mtoto wako anaishi. Naanza na hilo, kabla sijakuuliza swali langu.

Damu ya uzazi ilikuchukua ghafla, na siku tulipokuzika, huyu uliyemwita Faida akaanza kutetemeka. Mikono, kidevu, mwili mzima. Alilia kwa sauti nyembamba, kali, akinyonya ngumi lakini maziwa akiyatapika. Unamjua mama yetu. Kwake mtoto asiyenyamaza ana neno moja tu: "Mutoto anakataa jina." Basi tukamwita Riziki. Akalia. Tukampa jina la bibi wa Masisi, na nusu ya mtaa wetu wa Mabanga ikaja kumrusharusha na kumwimbia. Kadiri tulivyoimba ndivyo alivyozidi kukakamaa.

Nikamkimbiza hospitali. Muuguzi akauliza, "Mama yake alikuwa anakunywa dawa gani?" Nilikasirika, yaya. Nikamjibu kwamba dada yangu hata bia hanywi. Akataja tramadol, dawa kali ya maumivu ambayo mwili huizoea, nami nikakumbuka. Vile vidonge ulivyonunua sokoni Birere! Ulikuwa ukivimeza kwa chai kila asubuhi kabla ya kwenda kubeba magunia mpakani, na tumbo lako lile. "Ni ya mugongo tu," ulisema. "Bila hii siwezi amuka."

Ulijua, yaya? Mimi sikujua. Kumbe mtoto naye alikuwa akimeza, na siku alipozaliwa dawa ikamkatikia, mwili wake ukawa unaililia. Mpaka sasa siamini.

Wakampa matone ya dawa ya jamii ileile, wakiyapunguza polepole ili mwili uiache bila kushtuka. Nusura niwapige! Wakanifundisha pia kumfunga vizuri kwa kitenge, kumlaza kifuani ngozi kwa ngozi, kumnywesha kidogo kidogo, mahali pasipo mwanga mkali wala kelele. Bila kelele, Mabanga! Sasa mama anasimama mlangoni kama askari, anawarudisha waimbaji wake mwenyewe. Nilipomweleza yote alikaa chini, akasema tu, "Kumbe Furaha alikuwa anaumia vile?"

Ninavyoandika, Faida amelala juu yangu, kidevu kimetulia. Ndiyo, Faida. Tumemrudishia jina ulilomwachia.

Siku watu watakapomwambia kwamba ulimharibu, nitakuwa pale. Nitamwambia ulibeba magunia ya watu pamoja na yeye, kwa mgongo huohuo.

Lala, yaya. Huyu ninaye mimi.