Yungiyungi la Plastiki Kwenye Mtungi wa Ayi

Bi Faudhia mpendwa, mshauri wa waliokwama, naomba msaada wako, na unijibu kabla ya wenye kesi za ndoa, maana ndoa huvunjika taratibu lakini Ayi anashuka kwenye treni Jumapili.

Mimi ni mtu wa Moshi ila usinihesabu na waliobaki Moshi, Dubai naijua, Istanbul naijua, na hapa Guangzhou ukifika Sanyuanli ukamwulizia Protas wa Mizigo hata mbwa atakuonyesha mlango, Kichina nakiongea mpaka muuzaji anasahau bei aliyotaka kunipiga, na shule niliiacha mapema kwa sababu ilikuwa inanichelewesha. Sasa mimi huyu, Bi Faudhia, nimeshindwa na mtungi wa matope.

Iko hivi, nimepanga kwa mama mmoja mjane, tunamwita Ayi, yaani shangazi, na si mwenye nyumba wa kawaida, nilipougua dengue ndiye aliyenipikia uji wa mchele akanilisha kwa kijiko huku akinigombeza, na juu ya paa ana mtungi mpana wenye yungiyungi alilopanda marehemu mumewe, basi kabla ya mwaka mpya wao akaenda kwa bintiye kaskazini kwenye barafu, akanipa ufunguo wa paa akasema, "Laoban, nitunzie mzee wangu," kuitwa bosi nikavimba, nikapiga kifua, nikamwambia Ayi, mimi nimekulia migombani, mmea ukiniona unasimama wenyewe. Baridi ikaingia, ile ya hapa yenye unyevu inayopenya koti, majani yakawa kahawia yakajikunja kama samaki wa kukaanga, mashina yakavunjika shingo, nikatia mbolea, nikafunika mtungi kwa vipande vya sufu kutoka soko la vitambaa la Zhongda, nikauimbia hata pambio la kanisani, meiyou, hakuna kitu, likafa.

Ndipo Ayi akapiga simu ya video anataka kumwona mzee, nikasingizia mtandao, na mimi ni mfanyabiashara, kitu kikikosekana mji huu si unakwenda kwenye jengo la jumla? Nikanunua mayungiyungi ya plastiki, ya waridi, gredi ya kwanza, yana mpaka umande wa gundi, nikayachomeka kwenye matope, nikapiga picha, nikatuma. Kumbe amelia! Anasema tangu azaliwe hajaona yungiyungi likichanua kwenye baridi, ni mzee amekuja kumsalimia, na sasa anarudi na mawifi wawili na ubani. Rafiki yangu Didas ananiambia, "Kaka, nyunyizia pafyumu, watanusa wataridhika." Mkewe Natalia akamkata: "Pafyumu jimwagieni wenyewe, mnanuka uongo."

Mimi nimepanga Jumamosi nimwage matope yote, nioshe mtungi ung'ae, niseme mzee alichanua mara ya mwisho akaaga. Unaonaje?

Protas wa Mizigo, Sanyuanli

JIBU

Protas, weka ndoo chini. Usimwage hata kijiko cha matope hayo, maana humo ndimo mzee alimolala.

Dubai unaijua, Istanbul unaijua, baridi ndiyo hukuijua. Yungiyungi halijafa, limelala. Wewe mtoto wa migombani, viazi vikuu vya bibi yako vilipokauka majani, bibi alilia au alichukua jembe? Kunja mkono wa shati, ingiza kidole matopeni polepole. Ukigusa mzizi mgumu kama muhogo mbichi, shukuru Mungu. Ukiwa laini na unanuka, niandikie tena, tutalia pamoja. Mbolea acha, aliyelala halishwi ugali. Sufu toa, hapo si kwenye barafu, maji yakifunika matope yanamtosha kuwa blanketi. Mashina makavu usiyang'oe. Yakate juu ya maji, kwani ndani yana matundu kama mrija, ukiyakata chini maji yatashuka mpaka kwenye mzizi yauozeshe.

Hilo la mtungi limekwisha. La Ayi ni zito zaidi. Mwanamke yule alitaka kuona majani makavu! Anaujua usingizi huo miaka yote. Ungemwonyesha, angekwambia asante ukaendelea na mizigo yako. Badala yake umemfufulia mume kwa bei ya jumla. Sijui nikucheke au nikuchape.

Mpigie leo, kabla mawifi hawajafunga mabegi. Chomoa plastiki kwanza, umwonyeshe mtungi ulivyo, useme: "Ayi, maua yalikuwa ya dukani, niliogopa." Uishie hapo. Usianze na Dubai. Atalia tena, na safari hii utakaa usikie, hakuna cha mtandao mbovu. Atakugombeza pia. Si alikugombeza na kijiko cha uji mkononi? Akinyamaza ndipo uogope. Halafu mwulize mzee alikuwa akiufanyia nini mtungi ule kila baridi. Mjane ana mengi ya kusema juu ya mumewe, na watu huacha kumwuliza mapema mno.

Plastiki mpe Didas, azinyunyizie pafyumu.

Na siku jani la kwanza litakapochungulia, usinitumie picha mimi. Shuka ngazi, umshike Ayi mkono, apande akalione yeye kwanza.