Ng'ombe wa Mama Zuhura

Dada Kendi,

Hapa Majengo kunanyesha. Nimempata Mama Zuhura, aliyechora yule ng'ombe wa ukuta wa bucha tulipokuwa wadogo. Nikamwonyesha kwenye simu ng'ombe wa gemu ninayoitengeneza.

"Huyu ni wangu," akasema. "Hata pembe niliyokosea iko."

Nikamwambia nilitumia picha yetu ya zamani, tuliyopigwa mbele ya ukuta ule, kama mfano tu.

"Hapana, mwanangu, ulinakili. Ungeniuliza kwanza."

Niliona aibu, nikaahidi kumtoa ng'ombe kwenye gemu. Akanimiminia chai, akaniruhusu nimwache, mradi jina lake lionekane. Tukaandikiana ruhusa, tukatia sahihi.

Kisha akauliza yuko wapi yule msichana aliyekuwa akimwamkia ng'ombe wake akienda shule. Nikamwambia uko Embu, na una watoto wawili.

Wakumbatie kwa niaba yangu.

Nduguyo, Mwenda