Kitufe cha Acha

Kasongo, Jumanne

Yaya Ruphin, kaka yangu mupendwa,

Nakusalimu wewe, na Mama, na wote wa nyumbani Kabambare. Afya iko namna gani? Muguu wa Mama unaovimba, bado unamusumbua? Na mihogo ya bondeni, mulishaing'oa ao nguruwe wa pori waliwatangulia tena? Mimi huku mwili ni muzima, nakula, nalala. Roho ndiyo imechafuka, na nitakuambia sababu, hata kama nitachelewa kidogo kufika pale.

Nimekupigia simu tangu siku ya Bwana, haipiti. Hata ingepita, jambo hili nisingeliweza kwa simu. Ningelianza, kisha ningesema rezo imekata.

Unajua ninafanya kazi katika atelieri ya patron Zéphirin, pale tunapochora picha na maandiko ya vikwembe, vile vitambaa vya kujifunga, vya sherehe na vya matanga, kisha faili inatumwa Bukavu kwenye mashini kubwa ya kupiga chapa. Watu wa kwetu wanadhani ninashona. Aka! Mimi ninaandika programu yenyewe ambayo wachoraji wanaitumia. Zéphirin iko na sanduku lake la vipande, si la mbao, ni la maandiko ya ordinateri, ya kompyuta: madirisha, vitufe, orodha. Mutu akitaka programu mpya anaunga vile vipande. Anaviuza mpaka Kindu, na kila mahali anajiita injinia, yeye ambaye hajaandika mustari hata mumoja. Anakula samaki wa kukaanga huku anashika kibodi yangu! Mafuta yanaingia kati ya herufi, miba inabaki humo. Kila asubuhi nasafisha kwa pamba, na kila asubuhi nasikia kutapika.

Mwaka jana, mwezi wa kumi na moja, alitaka nimuongezee kipande kimoja, dirisha la kuchagua rangi. Utafikiri ni kitu kidogo. Iko na duara lenye rangi zote, iko na ufito wa kuongeza mwanga ao kuupunguza, iko na kisanduku cha kuonyesha rangi ya zamani pembeni ya mpya, na chini vitufe viwili, Sawa na Acha. Ukibonyeza Sawa, umechukua rangi mpya. Ukibonyeza Acha umekataa, na kila kitu kinapaswa kurudi kama kilivyokuwa. Niliomba wiki tatu. Akanipa siku sita, kwa sababu alishawaahidi watu. Na juu yake akataka muchoro ubadilike palepale wakati kipanya kinatembea kwenye duara, eti wateja wanapenda kitu kinachocheza. Injinia!

Cécilia, muchumba wako, ndiye aliyekuwa akikaa kwenye ile mashini na kupokea wateja. Mwezi wa pili akaja mujane mumoja wa Lusangi, Mama Mathilde, kuagiza vikwembe vya kumaliza matanga ya mume wake. Alitaka kitambaa cheupe, picha ya marehemu, na maua ya bulu kuizunguka. Shemeji yake aliyemusindikiza akasema nyekundu ingependeza zaidi. Cécilia akafungua dirisha la rangi, akagusa nyekundu ili waione. Mujane akakataa kabisa, hata kuitazama hakutaka. Cécilia akabonyeza Acha, bulu ikarudi kwenye kioo, na wote watatu wakaiona kwa macho yao.

Vikwembe vilirudi kutoka Bukavu na maua mekundu, mekundu kama nyama ya buchani. Vilifika siku mbili tu mbele ya sherehe. Kule Lusangi wajomba wa marehemu walivitupa chini, wakauliza nani anawatangazia watu kwamba wao walimwaga damu ya mutoto wao. Matanga yakaisha kwa matusi, na mujane akaondolewa uwanjani analia. Alipokuja hapa kudai, aliapa kwamba aliona bulu. Basi watu wakasema Cécilia alibadilisha rangi nyuma yao, kwamba yule shemeji alimupa kitu ili mujane aaibike. Zéphirin akamufukuza kazi siku ileile.

Habari ikakufikia, ukatuma mujumbe kwa wazazi wake kusema maneno ya ndoa yamekwisha. Cécilia alikuambia hakubadilisha kitu. Wewe ukamujibu kwamba watu wanasema uongo, lakini mashini haisemi uongo. Sikulaumu. Ulijibu hivyo kwa sababu ulisikia kwamba mudogo wako mwenyewe ndiye aliyeichunguza.

Ndiyo, niliichunguza. Zéphirin aliniita mbele ya Mama Mathilde, mbele ya Cécilia na wachoraji wote, akasema nifungue programu watu waone. Nikagusa nyekundu, nikabonyeza Acha, bulu ikarudi. Nikarudia mara tatu. Nikawaambia wajionee wenyewe, Acha inafanya kazi yake.

Yaya, nilikuwa ninajua. Wiki mbili mbele ya mujane kuja, niligundua kosa katika dirisha langu. Ukibonyeza Acha, kioo kinarudisha rangi ya zamani, lakini ndani ya faili inabaki ile uliyoigusa mwisho. Na Bukavu hawaoni kioo chetu, wanapokea faili. Nilimuambia Zéphirin, akajibu kwamba hakuna mutu anayebonyeza Acha, nisimucheleweshe. Nikanyamaza. Siku ile mbele ya watu niliwaonyesha kioo, faili sikuifungua, kwa kuogopa kwamba kazi itanitoka. Kesho yake muchana, walipokwenda kula, nikatengeneza. Ilikuwa mistari miwili tu. Sikumuambia mutu.

Nimemutukana Zéphirin tangu mwanzo wa barua hii, na anastahili. Lakini siku ile hakunishika mukono. Ni mimi niliyebonyeza, mara tatu.

Wiki iliyopita Cécilia alikuja kwangu na karanga za kukaanga, kunishukuru. Alidhani nilifungua programu ili kumutetea, ikawa bahati mbaya tu. Nikala mbele yake, Yaya. Nikamuambia ziko na chumvi nzuri. Alipotoka nilitapika mpaka machozi, na zile karanga hazikuwa na ubaya wowote. Tangu siku ile najisikia kinyaa, hata uso wangu kwenye kioo siutaki. Mimi ni mutu bure kabisa.

Leo asubuhi niliwaita wachoraji, nikafungua ile faili ya Lusangi pamoja na programu ya zamani, nikawaonyesha kila kitu. Zéphirin aliniita kichaa, akanifukuza. Ni sawa. Alhamisi nitapanda piki niende Lusangi kwa Mama Mathilde, atakachonifanyia nitakipokea. Wewe nakuomba jambo moja. Isome barua hii mbele ya baba yake Cécilia kwa sauti, usiruke neno, hata pale linaponichafua. Nimeiandika kwa mukono wangu ili mutu asiseme ni maneno ya mashini.

Unisalimie Mama, umupake mafuta ule muguu. Usimuambie habari hizi mbele hajakula. Wadogo wote uwasalimie, na majirani wanaoniulizia.

Anayekuletea barua hii ni Cécilia mwenyewe, anarudi kwa wazazi wake huko Kabambare. Sina nguvu ya kumuambia kwa kinywa. Nitamupa bahasha bila kuifunga, nimuombe asome kwanza, na akitaka kuichana aichane. Kwa hiyo kama iko mukononi mwako, ujue alishaisoma yote, na bado amekuletea.

Mudogo wako,
Dieudonnée