Mpini wa Jembe Uliouacha Karatu

Mpendwa kaka,

Jana fundi mmoja hapa gereji alinionyesha kwenye simu tangazo la kampuni yako mpya ya Arusha. Niliiona meza yetu, ile tuliyoichomelea pamoja ili mota itikise viti vya magari ya watalii kama inavyovitikisa barabara ya kushuka kreta. Mota ilikuwa inazunguka, na kiti kilichofungwa juu yake kilikuwa kimetulia vizuri sana. Hapakuwa na mtu aliyekigusa.

Wewe ndiye uliyenifundisha kutoamini utulivu wa aina hiyo. Unakumbuka tulivyoshangaa? Tulipandisha mwendo wa mota polepole, kiti kikatetemeka kidogo tu. Tukauzidisha, kisha tukaurudisha palepale, na kiti kilekile kikawa kinaruka kama punda aliyechokozwa. Mwendo mmoja, tabia mbili. Ukachukua mpini wa jembe la baba, tuliokuja nao kutoka kijijini kwetu Daa, ukakisukuma kiti kikiwa kimetulia.

"Mdogo wangu, kikirudi kwenye utulivu wake, tunauza. Kisiporudi, hata kingependeza vipi, hatuuzi."

Tangu hapo tulisukuma kila kiti. Nilikuwa najisifu kwa watu kwamba kaka yangu hana njia za mkato.

Kile kiti cha springi mpya hakikurudi. Kila tulipokisukuma kiliruka hadi tukazima mota. Halafu wenye magari walipokuja, ulipandisha mwendo polepole, mpini ukauegemeza ukutani, ukawaambia, "Wazee, mnajionea wenyewe." Walipoondoka nikakuuliza. Ukacheka. "Wewe nawe. Nani atakisukuma huko barabarani?"

Shimo lilikisukuma, kaka. Na aliyekikalia ni shemeji yako, mume wangu, kwenye gari ulilojua kabisa kwamba yeye ndiye dereva wake.

Bado hawezi kuinama kufunga viatu. Huniuliza kama umepiga simu, nami namwambia una kazi nyingi. Nina hasira na wewe, na nimechoka kukutetea ndani ya nyumba uliyoiumiza.

Meza uliipakia kwenye lori nikiwa hospitali. Ulibeba mota, nyaya, hata kiti kibovu tulichokuwa tunakalia wakati wa chai. Mpini ukabaki palepale ulipouegemeza, na miezi yote hii nilikuwa nawaambia watu umeusahau.

Baada ya kuliona lile tangazo, sitawaambia hivyo tena.

Baki salama huko.

Mdogo wako uliyemfundisha kusukuma